Kitanda cha Ujerumani kilichoiharibu Queen of Tears

Kosa la tamthilia ya Kikorea Queen of Tears halihitaji kumulikwa kwa tochi. Ni pale Hong Hae-in anapofumbua macho hospitalini Ujerumani, baada ya upasuaji wa kichwa, na sura inayomsubiri pembeni ya kitanda ni ya adui, Yoon Eun-sung. Baek Hyun-woo, mwanamume aliyemsihi akubali upasuaji ule, saa hiyo yuko mikononi mwa polisi kwa kesi ya mauaji aliyobambikiwa. Tumeshatazama episodi 14 kati ya 16. Zimebaki mbili tu za kufunga hadithi, na mwandishi Park Ji-eun anachagua mbinu ambayo sizoni za Kikorea zimeitumia mpaka imechakaa: mgonjwa kasahau kila kitu, adui kawahi kitandani, steringi kafungwa. Uamuzi ule ulikuwa mbaya, na ubaya wake hauishii kwenye uchakavu wa mbinu. Uliua swali ambalo tamthilia yenyewe ilituuliza tangu episodi ya kwanza.

Swali lilikuwa hili: mtu aliyechoka na ndoa anaweza kuirudia akiwa na akili zake timamu, akijua alichotendewa na alichotenda? Msingi uliwekwa vizuri sana. Waume waliooa katika ukoo wa Hong, wasomi watupu, wamejazana jikoni wakiandaa chakula cha tambiko la wazee wa ukoo, na Hyun-woo, mkuu wa sheria wa Queens Group, kampuni ya ukoo huo, ni mmoja wao. Ana karatasi za talaka. Anapokwenda kumkabidhi mkewe, Hae-in anamwambia kwamba amebakiza miezi mitatu ya kuishi. Karatasi zinafichwa, na mume anaanza kuigiza upendo huku moyoni akipumua kwa nafuu. Kisha anashtuka kwamba maigizo yamegeuka kweli. Hae-in anakuja kujua habari za karatasi zile, tena kwa mdomo wa Eun-sung, na talaka inapita kweli. Baadaye familia ya Hong inanyang'anywa kila kitu na kukimbilia Yongdu-ri, kijijini kwa wazazi wa Hyun-woo, ambako baba yake ni mwenyekiti wa kijiji. Sehemu za Yongdu-ri ni kazi safi. Mji kama Dodoma, wenye watumishi wa wizara ambao wazee wao wako Kongwa, Bahi au Mpwapwa, haukuhitaji kuelezwa kitu pale.

Chini ya yote hayo kuna jeraha ambalo mazungumzo mengi kuhusu sizoni hii yanalipita haraka mno. Hae-in na Hyun-woo walipoteza mtoto kabla hajazaliwa. Chumba kilichoandaliwa kwa ajili ya mtoto kikaondolewa vitu vyake, na kila mmoja akaubeba msiba kivyake ndani ya nyumba moja. Pale ndipo ndoa ilipofia. Haikuuawa na wakwe wala na fedha, na Eun-sung alikuta imeshalala. Park Ji-eun alilionyesha hilo taratibu, kwa milango iliyofungwa na vitanda viwili, na waigizaji wake Kim Soo-hyun na Kim Ji-won wakalibeba kwa macho zaidi ya maneno. Kwa hiyo tulichokuwa tukisubiri hakikuwa kumwona Hae-in akipona tu. Tulisubiri siku ambayo wawili hawa wangekaa chini wakiwa na msiba mmoja badala ya miwili.

Watetezi wa episodi ya 15 wana hoja moja nzito, na inastahili kujibiwa vizuri. Wanasema upotevu wa kumbukumbu haukudondoka kutoka juu, ulipandwa mapema. Ni kweli. Tangu mwanzo ugonjwa unamfanya Hae-in apotee njia na achanganye mahali na watu. Hata gari la Eun-sung anafikia kulipanda akidhani yuko na Hyun-woo. Na episodi ya 13 inauweka uamuzi mezani kwa heshima: upasuaji upo, utamwokoa, lakini utamfutia aliyoyaishi. Hae-in anagoma. Kwake yeye, maisha bila kumbukumbu hizo si maisha yake. Hyun-woo anamtaka aishi hata kama atamsahau. Hiyo ni miongoni mwa sehemu bora za tamthilia nzima, na kama hadithi ingeendelea kutoka hapo kwa unyoofu nisingekuwa na la kulalamikia. Tatizo ni kwamba kilichopandwa siyo kilichovunwa. Tuliandaliwa kumwona mwanamke akilipa gharama kubwa ili aishi, na mwanamume akiishi mbele ya mke asiyemjua. Tulichopewa ni mwanya kwa adui. Gharama ile ikageuzwa kuwa hila ya Eun-sung, na Hyun-woo akaondolewa chumbani ili hila ifanye kazi.

Tazama jinsi chumba kilivyosafishwa. Binti wa ukoo mkubwa anapasuliwa kichwa katika nchi ya mbali, na anapoamka hakuna mama, hakuna baba, hayupo mdogo wake Soo-cheol, hakuna hata shangazi wa kushika mkono. Mtu wa Makole au Chang'ombe, aliyezoea kuona ndugu wakipokezana zamu na chupa za uji kwenye korido za Hospitali ya Benjamin Mkapa, lazima aulize wamekwenda wapi. Jibu ni rahisi, na linauma: mwandishi hakuwataka. Ndugu mmoja tu angekuwepo pale, uongo wa Eun-sung ungevunjika kwa sentensi moja. Njama inayosimama kwa sharti kwamba watu wote wenye sababu ya kuwepo wasiwepo haijajengwa, imelazimishwa. Na polisi nao wanafika saa ileile ya upasuaji, si jana yake wala kesho yake. Park Ji-eun aliyeandika talaka ya Hae-in kwa uvumilivu ule hakuwa na haja ya kuazima saa ya polisi.

Nasema hivi kwa sababu mwandishi huyu ana historia na jambo hili, na kinyongo changu ni cha zamani. Katika The Legend of the Blue Sea, iliyomalizika mwaka 2017, alimpa nguva Shim Cheong uwezo wa kufuta kumbukumbu za watu, na mwishoni Shim Cheong akamfutia Heo Joon-jae kabla ya kurudi baharini. Sikukubali hata huko. Ila kulikuwa na mambo mawili yaliyoiokoa. Aliyefuta alikuwa mpenzi mwenyewe, akijua anachopoteza. Na Joon-jae alipambana kwa kuandika kila kitu ili asisahau. Kusahau kulikuwa tendo, na kukumbuka kukawa tendo. Katika Queen of Tears Hae-in amelala, Hyun-woo amefungwa, na anayetenda ni adui peke yake. Wahusika wakuu wawili wameketishwa pembeni katika episodi ambazo zilikuwa zao.

Wala si kwamba Park Ji-eun hajui kufunga hadithi. My Love from the Star ilipofika mwisho mwaka 2014, Do Min-joon bado alikuwa mgeni kutoka sayari nyingine. Anarudi kwa mpenzi wake lakini anatoweka na kurudi tena bila taarifa, nao wanajifunza kuishi hivyo. Crash Landing on You iliweka mpaka wa Korea mbili kati ya Ri Jeong-hyeok na Yoon Se-ri, na ilipoisha Februari 2020 mpaka ulikuwa bado palepale. Wanakutana Uswisi wiki 2 kila mwaka. Hakuna aliyeufuta mpaka kwa hila. Mwandishi aliuacha kikwazo kiwe kikwazo, kisha akawauliza wapenzi wake watafanya nini nacho. Ndiyo maana wiki 2 zile zinatosha. Watumishi waliohamia Dodoma baada ya Serikali kutangaza kuhama mwaka 2016, wakaacha wenzi wao Dar es Salaam, walielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa. Kikwazo cha Queen of Tears kilikuwa ndani ya wanandoa wenyewe: karatasi zilizofichwa, chumba kilichofungwa, miezi ya kunyamaziana. Mwenye duka hafuti deni kwa kuchoma daftari. Analisoma kwanza, kisha anaamua kusamehe. Hae-in aliletwa mpaka episodi ya 14 akiwa na daftari lake wazi mkononi, na ghafla likachomwa.

Wakongwe walijua mahali pa kuiweka mbinu hii. Yoon Seok-ho katika Winter Sonata ya mwaka 2002 alimpotezea Kang Joon-sang kumbukumbu mapema, akamrudisha kwa jina la Lee Min-hyung, na sehemu kubwa ya episodi 20 ikatumika kuilipa gharama hiyo. Kusahau kulikuwa nguzo ya nyumba. Na katika Autumn in My Heart, miaka miwili kabla yake, alimpa Eun-suh wa Song Hye-kyo ugonjwa wa damu na hakumtafutia daktari wa miujiza ng'ambo. Watu walilia kwa sababu hakuna kilichorudishwa. Hata The Promise ya Ufilipino, iliyoteka Afrika Mashariki miaka ya 2000 na yenye kila aina ya sukari na machozi, iliwaacha Yna na Angelo wakiujua uchungu uliowatenganisha. Wale hawakuwa na bajeti ya kupiga picha Potsdam. Walikuwa na subira.

Kuna jibu ambalo hutolewa haraka kila hoja hii inapotajwa: episodi ya mwisho, tarehe 28 Aprili 2024, ilifikia asilimia 24.85 ya watazamaji nchini Korea, rekodi mpya ya kituo cha tvN, ikaipita Crash Landing on You iliyokuwa na 21.68. Namba hizo hazibishaniwi. Lakini watazamaji wale walikusanywa na wiki saba za ndoa iliyoandikwa kwa makini, na hakuna anayeacha sizoni akiwa amebakiza episodi mbili. Wingi wa watu unaeleza walioketi kutazama, hauelezi kama walichowekewa kilistahili. Wengine wanadai tamthilia ya mapenzi bila msukosuko wa mwisho hailiki. Hao wakumbushwe Doudou na mama wakwe zake, tamthilia ya China yenye episodi 36 iliyowekewa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa TBC kuanzia mwaka 2011. Mzigo wake ulibebwa na bibi harusi, mume na mama wakwe wawili wakigombana na kupatana, na iliwashika Watanzania kiasi kwamba Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Ugomvi wa nyumbani ukiandikwa vizuri unatosha.

Nakala za Kiswahili zilizotafsiriwa na msimulizi mmoja zimeuzidisha ubovu wa kitanda kile, ingawa lawama kubwa si yao. Sekunde zile za Hae-in kumtazama Eun-sung zinategemea ukimya, na sauti moja inayobeba wahusika wote huogopa ukimya. Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, aliyewasimulia Watanzania Titanic na nyingine nyingi, alikuwa na kipaji cha kumweleza mtazamaji anachohitaji na kumfanya ajione ndani ya hadithi ya wageni. Waliorithi kazi hiyo wamechukua maneno yake mengi. Kipimo chake wamekiacha.

Hoja ya mwisho ya watetezi ndiyo tamu kuliko zote, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Wanasema Hae-in kumpenda tena Hyun-woo bila kumbukumbu ni ushahidi kwamba mapenzi yao ni ya kweli. Ni ushahidi kwamba wanavutiana, na hilo hatukuwahi kulitilia shaka. Kifaa cha muziki cha siku zao za shule na siku zile za kazi katika duka kubwa la Queens zilishatuambia. Kuvutiana kuliwafikisha kwenye ndoa na hakukuwazuia kuibomoa. Hae-in mpya anampenda mwanamume ambaye kwake hajawahi kuandika talaka. Hajui kilichokuwa ndani ya kile chumba. Msiba uliokuwa unakaribia kuwa wa watu wawili umerudishwa kwa mmoja, na tamthilia inaendelea kama vile hakuna kilichopungua. Kisha linakuja gari linalomgonga Hyun-woo, na baada ya gari inakuja risasi, kana kwamba mtu anayevuja damu hahitaji tena kuomba radhi. Taswira ya mzee Hyun-woo kwenye kaburi la mke aliyefariki mwaka 2074 ni nzuri, imepigwa kwa utulivu, na inaniuma kwamba imewekwa juu ya msingi huu.

Njia nyingine ilikuwepo, na haikuhitaji kubadilisha chochote kabla ya upasuaji. Mwache Hyun-woo kando ya kitanda. Hae-in aamke, amtazame, amuulize yeye ni nani. Hapo mwanamume huyu ana uhuru wa kujitengenezea historia safi, na hakuna wa kumpinga. Angalikuwa na episodi mbili za kuamua kama atamwambia, kwa mdomo wake na si kwa mdomo wa Eun-sung, kwamba aliwahi kutaka kumwacha, kwamba aliposikia anakufa alifurahi kidogo, kwamba kulikuwa na mtoto. Eun-sung angeweza kubaki na hila zake za hisa na kampuni huko Seoul. Kim Soo-hyun na Kim Ji-won walikuwa wameshathibitisha kwamba wanaweza kukibeba chumba kitupu chenye watu wawili na maneno machache, na hicho ndicho pekee walichohitaji kupewa.