Tope la Burdekin na Makorongo ya Ranchi

Mto Burdekin, katika jimbo la Queensland nchini Australia, hukusanya maji ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 130,000 na kuyamwaga kwenye bahari ya miamba ya matumbawe ya Great Barrier Reef. Sehemu kubwa ya eneo hilo ni ranchi za ng'ombe wa nyama. Matumbawe yenyewe yameweka kumbukumbu: bariamu iliyoganda katika mifupa yao huonyesha kwamba tope liliongezeka tangu miaka ya 1870, baada ya walowezi kuingiza mifugo. Mchanga huzama karibu na mlango wa mto. Kinachodhuru ni tope laini, ambalo huelea mbali na kuzinyima mwanga nyasi bahari, chakula cha nguva.

Zamani ilidhaniwa kwamba tope hilo linakwanguliwa na mvua juu ya malisho makavu. Vipimo vikaonyesha kwamba kwa sehemu kubwa ni udongo wa chini, unaotoka kwenye makorongo na kingo za mito. Udongo huo una sodiamu nyingi. Bonge lake likitumbukizwa katika glasi ya maji, halikai. Humeguka lenyewe na maji yakawa kama chai ya maziwa. Kupanda nyasi juu yake bila kuutibu ni kupoteza mbegu.

Katika ranchi moja ya eneo hilo, Strathalbyn, buldoza zililaza kuta za korongo zikawa mteremko. Jasi ikachanganywa udongoni ili kalisiamu yake ichukue nafasi ya sodiamu, kisha yakafuata mawe, nyasi kavu na mbegu. Tope lililotoka hapo lilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Kazi hiyo ni ghali mno kwa mfugaji peke yake, hivyo hulipiwa na fedha za umma, tena kwa makorongo mabaya zaidi. Madogo hutosheka na vizuizi vya matawi na mawe: maji hupenya polepole, tope hubaki.

Mfugaji ana sehemu yake: kupunguza ng'ombe mapema ukame unapoanza, kupumzisha malisho wakati wa mvua, na kuweka mabirika ya maji mbali na mto. Lengo ni ardhi iliyofunikwa kwa zaidi ya asilimia 70 kiangazi kinapoisha. Hoja inayomwingia ni nyasi zaidi kuliko matumbawe asiyoyaona. Korongo lililotibiwa huzungushiwa uzio. Ng'ombe wakiruhusiwa humo, ni kwa muda mfupi, nyasi zikishamwaga mbegu.