Ukungu wa Turubai na Breki Iliyokatika

Ukikuta jinzi ya mtumba imepauka mapajani, usidhani lazima aliyeivaa kwanza ndiye aliyeichakaza. Zamani viwanda vilizifua jinzi mpya pamoja na mawe mepesi, yaleyale ya kusugulia visigino. Baadaye vikaanza kutumia kimeng'enya kinachomega nyuzi za pamba juujuu, rangi ikabanduka nazo. Ukungu mmoja unaotoa kimeng'enya hicho unaitwa Trichoderma reesei, na ukoo wake wa viwandani umetokana na sampuli moja tu.

Sampuli hiyo, QM6a, ilibanduliwa kwenye turubai la jeshi la Marekani katika visiwa vya Solomon wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mahema na sare za pamba zilikuwa zikioza ovyo, jeshi likataka kinga. Elwyn Reese na Mary Mandels, watafiti wa maabara za jeshi hilo, wakaugeuza mkosi kuwa mali: badala ya kuhangaika tu na namna ya kuuua ukungu, wakachunguza unavyokula. Mwaka 1977 ukapewa jina la Reese.

Pamba ni selulosi, yaani minyororo ya glukosi iliyobanana. Ukungu hauna meno, kwa hiyo hutema vimeng'enya nje ya mwili: kimoja hukata mnyororo katikati, kingine hutafuna kuanzia nchani, cha tatu hupasua sukari pacha zinazobaki. Lakini ukishaonja glukosi, unaacha kutema. Ya nini kuwasha jiko na sahani imejaa? Kwa ukungu huo ni busara, kwa kiwanda ni hasara.

Hapo ndipo Bland Montenecourt na Douglas Eveleigh wa Chuo Kikuu cha Rutgers walipoingia miaka ya 1970, wakitafuta ukungu usioacha kutema. Waliupiga ukungu mionzi ya urujuanimno, kisha kemikali ya kuharibu vinasaba, kisha mionzi tena. Kuharibu vinasaba si kazi. Kazi ni kumtambua mmoja unayemtaka kati ya umati wa walioharibika. Kwangu mimi, ufundi wote uko kwenye kisahani cha mchujo wa mwisho. Walitia selulosi, inayokifanya kisahani kiwe na weupe kama maji ya mchele, wakaongeza sukari bandia iitwayo deoksiglukosi. Ukungu wa kawaida ukiigusa hudhani umeshiba, hufunga vimeng'enya, na kumbe sukari hiyo hailiki. Uliokatika breki hiyo ya shibe hauna habari, unaendelea kutafuna, na kuuzunguka hutokea duara angavu. Jicho tupu linatosha.

Wakaupata ukungu walioupa jina RUT-C30. Miaka mingi baadaye wanajenetiki walikuta jeni iitwayo cre1, breki yenyewe, imekatwa kipande. Jenomu ya ukungu asilia iliposomwa mwaka 2008 ilishangaza zaidi: jeni za kukata selulosi zilikuwa chache kuliko za kuvu nyingi zilizolinganishwa nao.

Hata hivyo breki haikuwa kasoro pekee. Kile kimeng'enya cha tatu ukungu huu hukitema kwa uchache, sukari pacha zikarundikana na kuvikwamisha vile viwili vya mwanzo. Dawa iliyozoeleka ni kuazima kimeng'enya hicho kwa ukungu mwingine, Aspergillus niger, ule unga mweusi unaouona chini ya maganda ya kitunguu kilichokaa sana stoo.