Fomu ya Pwani, Tope la Mwea

Mwaka 2010 shirika la JICA la Japani lilitoa miongozo ya mazingira na jamii, pamoja na orodha za ukaguzi zilizopangwa kwa majedwali. Ndani ya majedwali hayo urithi wa kale umepewa mstari mmoja, chini ya kuhamishwa kwa watu na riziki zao, juu kidogo ya mandhari. Mstari huo una maswali mawili. La kwanza lataka kujua kama mradi unaweza kuharibu urithi wa mahali hapo, uwe wa kiakiolojia, kihistoria, kitamaduni au kidini. La pili lauliza kama hatua za kutosha za kuulinda zimefikiriwa, kulingana na sheria za nchi husika. Pembeni pana kisanduku chembamba cha ndiyo au hapana, kisha safu pana ya maelezo.

Nausoma mstari huu kama mhakiki asomavyo ubeti: mpangilio wake, vitenzi vyake, na mahali unapokatika. Sababu iko Kirinyaga. Mkopo wa JICA ndio uliogharimia Bwawa la Thiba kule Gichugu, lenye ukuta wa mita 40 hivi na nafasi ya maji mita za ujazo milioni 15.6, lililokamilika 2022 ili wakulima wa mpunga wa Mwea wasitegemee mto mtupu wakati wa kiangazi. Jibu la mradi huo silihukumu hapa. Swali peke yake lina mengi ya kusomwa.

Tazama kitenzi. Kuharibu kunahitaji kitu ambacho tayari kipo na tayari kinajulikana. Swali haliulizi nani alikaa hapa, nini kimezikwa hapa, wala nani aulizwe. Linaanzia pale ambapo utafiti ungekuwa umekwisha. Anayejaza fomu bila orodha ya urithi mkononi hana budi kuandika hapana, na hapana yake itakuwa ya kweli kabisa kwa kipimo cha fomu. Upana wa safu nao una siasa yake. Hapana hutosheka na sentensi moja. Ndiyo huleta mtaalamu, bajeti, ramani mpya, pengine na matingatinga kusimamishwa. Haihitajiki nia mbaya ya mhandisi yeyote. Jedwali limeshamwonyesha njia nyepesi.

Kisha swali la pili linamkabidhi msomaji kwa sheria za nchi, na hapo lugha inabadilika. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya 2006 inakihesabu kitu kinachohamishika kuwa cha kale iwapo kilitengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Mwaka huo ndio Uingereza ilipotangaza himaya yake Afrika Mashariki. Yaani ukale wetu, kisheria, unakoma anapofika mtawala. Vilivyokuja baadaye vyaweza kulindwa, ila mpaka waziri avitangaze katika Gazeti Rasmi. Kwa mtu wa Lamu mpaka huo hauumi sana, maana sehemu kubwa ya kile anachojivunia ilijengwa karne nyingi kabla. Kwa Mwea ni kisu. Sura ya Mwea tunayoijua leo, mifereji, vijiji vilivyopangwa kwa rula, majaruba ya mpunga, yote ilichorwa kuanzia katikati ya miaka ya 1950.

Fomu ya Japani haikuzaliwa Malindi. Lakini ikishaegemea sheria yetu, imeegemea pia mazoea yetu ya kuorodhesha, na mazoea hayo yalijengwa kwa mawe ya matumbawe. Gedi, mji wa magofu karibu na Malindi, ililindwa kisheria tangu 1927. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kazi yake huko 1948. Mwaka 2024 UNESCO ikauingiza mji huo katika urithi wa dunia. Kati ya hapo, Thomas Wilson aliandaa juzuu mbili zilizotolewa na Makavazi ya Kitaifa, moja ya 1978 kwa pwani ya kaskazini ya mto Tana, nyingine ya 1980 kwa pwani ya kati na kusini. Katika majina ya juzuu zote mbili ujenzi wa fahari umetangulia, akiolojia ikafuata. Mpangilio huo wa jina ni mpangilio wa fikra. Katika orodha ya aina hii nomino kuu ni ukuta: msikiti, kaburi la mnara, nyumba ya mawe, kipimo, mchoro. Kilichosimama kinapata ingizo. Kilichoanguka kikarudi kuwa udongo hakipati. Silidharau zao hilo; bila juzuu kama hizo magofu mengi yangekuwa mashamba ya minazi tu. Nasema tu kwamba lina sarufi, na sarufi hiyo ikibebwa hadi nchi ya nyumba za miti na udongo haina la kutamka.

Ajabu ni kwamba pwani yenyewe ndiyo iliyoanza kuivunja sarufi hiyo. Huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine iliyotangulia, ya miti na udongo, imebaki mashimo ya nguzo tu, ikirudi nyuma hadi karne ya 8. Hata hivyo, jiwe ndilo lililomwita mahali pale. Hatua kubwa zaidi ilikuwa Pemba. Mwaka 1999 Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette walichapisha makala iliyolalamika wazi kwamba nyumba za udongo, walimokaa watu wengi wa pwani, haziingii katika picha yetu ya Uswahili wa kale. Katika kazi yao kisiwani humo na iliyofuata, kutembea na kutafuta kuta kuliongezewa mashimo madogo ya majaribio yaliyochimbwa kwa mistari, pawe na dalili juu ya ardhi au pasiwe. Orodha ikageuka kuwa gridi.

Hapo ndipo umbo linapotenda kazi ambayo maudhui hayawezi. Katika gridi, neno hapana lina anwani: shimo fulani, kina fulani, udongo wa rangi fulani, hakuna kigae. Mtu mwingine anaweza kurudi baada ya miaka ishirini akalipinga. Katika kisanduku cha jedwali la mkopo, hapana haina anwani. Haisemi ni nani aliyetafuta, kwa mguu au kwa jembe, msimu wa mvua au wa kiangazi. Haipingiki, na kwa sababu hiyo haina thamani ya kitaalamu.

Msimu si jambo dogo Mwea. Sehemu kubwa ya eneo la mpunga ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukinywa maji na kupasuka nyufa ndefu ukikauka. Vitu vidogo hutumbukia katika nyufa hizo. Juu yake, kila msimu majaruba hufurikwa na kuvurugwa kwa trekta mpaka yawe uji ili miche ipandwe. Anayepita hapo akiangalia chini kutafuta vigae anatafuta katika ardhi inayomeza ushahidi na inayopinduliwa upya daima. Kama kuna nchi inayohitaji shimo la majaribio kuliko macho, ni hii.

Lakini urithi mzito wa Mwea hauhitaji hata shimo. Uko kwenye ramani, na ramani ni umbo jingine la kusomwa. Mradi wa umwagiliaji umegawanywa sehemu tano: Tebere, Mwea, Thiba, Wamumu, Karaba. Mkulima atakutajia sehemu yake na namba ya uniti yake bila kufikiri, kama anwani ya kawaida. Sasa weka kando ya ramani hiyo nyaraka za Hali ya Hatari, za wakati wa vita vya wakoloni dhidi ya Mau Mau. Thiba ni kambi. Karaba ni kambi. Tebere, Kandongu, Gathigiriri, kambi. Wamumu ilikuwa mahali pa vijana waliokamatwa. Mwaka 1957 afisa wa kikoloni Terence Gavaghan alipewa usimamizi wa kambi za Mwea, na hapo ndipo mbinu ya kuwavunja waliokataa kukiri kiapo ilipopangwa: wachache waliletwa kwa mafungu, wakatengwa, wakazungukwa na waliokwisha kukubali, na aliyepinga akapigwa. Juni mwaka huo Mwanasheria Mkuu Eric Griffith-Jones alimwandikia Gavana Evelyn Baring akieleza namna nguvu hiyo ilivyotumika. Machi 1959 watu 11 waliuawa katika kambi ya Hola, katika jaribio la kuwalazimisha wafungwa sugu kufanya kazi, fikra iliyokuwa imekomazwa Mwea. Na mikono ya wafungwa kama hao ndiyo iliyochimba mifereji ya kwanza.

Ramani ya umwagiliaji haikuyafuta majina hayo. Imeyatumia upya, na kwa kuyatumia upya imeyanyamazisha. Jina likiwa kambi lina mlango, mnara wa ulinzi na waya. Likiwa sehemu ya mradi lina ekari, mfereji mkuu na ratiba ya maji. Kitabu cha Robert Chambers na Jon Moris cha 1973 juu ya Mwea ni kazi kubwa ya uchunguzi wa makazi haya ya mpunga, ila swali lake ni la upangaji na usimamizi, na mtu akitaka kuuona mfereji kama mabaki ya historia lazima ausome kitabu hicho kinyume na mpangilio wake.

Mfereji una kasoro moja kubwa mbele ya fomu: unafanya kazi. Sarufi ya orodha za pwani inapenda kilichohamwa, mahame yenye mibuyu na popo. Kilichojengwa kwa dhuluma na bado kinapitisha maji ya mpunga wa pishori kila msimu hakina safu. Kitaandikwa chini ya miundombinu. Huko Nyeri ni hivyo hivyo: kambi ya Mweru na ile ya Aguthi zimekuwa shule, na kwa fomu yoyote ya kawaida zitaingia chini ya elimu. Kundi la Wakenya na Waingereza linalojiita Museum of British Colonialism, lililoanza 2018, lilipotaka kuzionyesha kambi hizo liliacha orodha kabisa, likajenga upya majengo kwa picha za kompyuta na kuweka sauti za wazee kando yake. Unaweza kubishana na usahihi wa picha. Huwezi kusema wazee hawakuulizwa.

Mwea hata ina ufuo wake wa kulindwa, ingawa chumvi haimo. Hifadhi ya Taifa ya Mwea, upande wa Mbeere, ilitangazwa 1976 pale mto Thiba unapokutana na Tana, katika pembe ya mabwawa ya Kamburu na Masinga. Inalindwa kwa ajili ya tembo, viboko na ndege. Kingo za mito ndizo watu hupendelea kukaa, na kingo hizo sasa ziko chini ya maji ya umeme. Robert Soper, yule yule aliyechimba Kwale, pwani, katika miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1979 utafiti wa Zama za Chuma katika Embu, Mbeere na Chuka akiunganisha mabaki na historia simulizi. Jirani kabisa, basi, umbo bora lilikuwepo.

Na lililo bora kuliko yote, kwa jicho langu, liko Nyeri. Mwaka 1971 Ari Siiriäinen wa Finland alichapisha katika jarida la Azania ripoti ya uchimbaji wa Gatung'ang'a. Ni ripoti ya Zama za Chuma, yenye vigae, chuma na tarehe za kaboni za karne kadhaa zilizopita, na mwandishi aliviona vigae hivyo kuwa na undugu na vile vya Kwale. Lakini jina lake dogo linataja tatizo la Gumba, wale watu wafupi wa masimulizi ya Wagikuyu wanaosemekana kuishi mashimoni. Hadithi ya wazee imewekwa juu ya ripoti kama swali, na uchimbaji ukafuata kama sehemu ya jibu. Hakuna ukuta uliomwita. Ni neno lililomwita. Linganisha na mstari wa JICA, ambao unaweza kujazwa bila mzee yeyote kufungua mdomo.

Kuna atakayesema sheria hairuhusu. Inaruhusu. Mwaka 1992 misitu ya kaya za Wamijikenda ilianza kutangazwa kuwa kumbukumbu za taifa chini ya sheria iliyotangulia ile ya 2006, nayo iliyotungwa ikiwaza magofu, na 2008 ikaingia urithi wa dunia. Msitu hauna ukuta wala mnara. Una makaburi, mlango wa kaya na miiko. Walioandika maombi walilikunja umbo la sheria likakubali. Mlima Kenya, kwa upande mwingine, uliingizwa 1997 kwa sifa za maumbile peke yake, na Kirinyaga, mlima huo huo kama mahali pa sala, ikabaki nje ya jedwali.

Kwa hiyo kabla mkataba mwingine wa bwawa au mfereji haujatiwa saini Mwea, Kaunti ya Kirinyaga na Makavazi ya Kitaifa wadai kisanduku cha ndiyo au hapana kitolewe, na mahali pake ziwekwe safu za kueleza wametafuta wapi, kwa njia gani, na wamemuuliza nani. Waliokuwa vijana Karaba na Wamumu mwaka 1957 sasa wamepita miaka themanini. Waanziwe hao, mwaka huu.