Ugonjwa Umepitia Wapi?

Hospitalini, muuguzi humpokea mgonjwa. Mtaani humpokea pamoja na nyumba yake, choo chake, bidoni lake la maji na jamaa waliokesha naye. Ndiyo maana kazi ya wauguzi wa vituo vya afya vya Bukavu, na ya mareko, yaani wahudumu wa afya wa jamii, wanaopita mlango kwa mlango pamoja nao, naisifu kama ufundi kamili, wenye jicho lake, swali lake na adabu yake.

Mji wenyewe unaudai ufundi huo. Kwenye miteremko ya Kadutu, huko Nyamugo na Cimpunda, nyumba zimebanana hata kikohozi cha jirani kinasikika kitandani mwako. Bomba likikauka, akina mama na watoto hushuka na mabidoni kutafuta maji popote yalipo, hata Ziwa Kivu. Kipindupindu ni mwenyeji wa ukanda huu wa maziwa. Julai 1994, upande wa pili wa ziwa, kule Goma, kiliua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda katika majuma machache.

Jicho la muuguzi hujifunza kuona mapema. Mtu mzima anaharisha ghafla maji meupe kama ya kuoshea mchele, macho yanadidimia, ngozi ya tumbo ikibanwa inachelewa kurudi. Hapo muuguzi hasubiri maabara. Anaanza kumnywesha dawa ya maji na chumvi. Pakiti za dawa hiyo zikikosekana, anachanganya lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Aliyezidiwa anapelekwa haraka kutundikiwa dripu, kwa sababu ugonjwa huu huua kwa saa, wala si kwa siku.

Mtoto mwenye homa, mafua na macho mekundu atafunguliwa mdomo: vidoa vyeupe ndani ya mashavu hutangaza surua kabla upele haujatoka. Na upele nao una lugha. Wa tetekuwanga huwasha na hutoka kwa mafungu, vipele vipya kando ya vikavu. Wa mpox mara nyingi hukomaa pamoja, hufika viganjani na kwenye nyayo, na tezi huvimba. Anayetofautisha hivi kwa mwanga wa dirisha dogo, kabla sampuli haijaondoka, ni fundi.

Lakini jicho humwona mgonjwa mmoja tu. Swali ndilo linaloonyesha njia. "Mama, mtoto amelala na nani juma hili? Maji haya mmeyateka wapi? Nani alimwosha marehemu?" Kila ugonjwa una swali lake. Kipindupindu huulizwa kisimani, chooni na kwenye chungu. Surua huulizwa hewani, kwa kuwa virusi vyake hubaki chumbani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, na huulizwa kwenye kadi ya chanjo: je, sindano ya miezi tisa ilipigwa? Kifua kikuu kina swali la subira: kikohozi kimepita majuma mawili?

Kamituga ilitukumbusha thamani ya swali lililoulizwa vizuri. Katika mji huo wa machimbo ya dhahabu, hapa hapa Kivu Kusini, mpox ya tawi jipya iligunduliwa kuanzia Septemba 2023. Wagonjwa wengi wa mwanzo walikuwa watu wazima, wenye vidonda sehemu za siri. Mtu wa namna hiyo akionja dharau kidogo tu, hufunga mdomo, na ugonjwa huendelea na safari. Ulifika Bukavu, Uvira na Goma, ukavuka hadi Burundi, ukaingia kwa watoto majumbani. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likautangaza kuwa dharura ya kimataifa.

Hapo ndipo adabu inapokuwa sehemu ya tiba. Magonjwa haya hupita katika njia zile zile za upendo wetu: kumbeba mtoto anayelia, kula sahani moja, kumfuta jasho mgonjwa, kumwosha maiti. Muuguzi bora hawakemei watu kwa kupendana. Humwonyesha mama jinsi ya kumuuguza mwanawe kwa glovu na sabuni, huwaambia ndugu ni siku gani wataruhusiwa kumkumbatia mgonjwa wao, na huwarudia waliomgusa mgonjwa wa mpox hadi siku 21 zitimie. Jina la mgonjwa halitoki kinywani mwake. Akilitoa mara moja tu, mtaa mzima utaficha upele.

Wengi wa wauguzi hawa hawapati mshahara wa serikali, na bado wanapanda vilima hivyo. Kuwalipa ni haki isiyohitaji hotuba. Lipo pia deni ambalo kila nyumba inaweza kulilipa leo. Jicho la muuguzi ni lake, na swali ni lake, bali jibu liko kwetu. Anapobisha hodi na kuuliza tumekula na nani na tumelala wapi, tumweleze ukweli wote. Ukweli huo ukifika leo, jirani aliyeguswa jana huanza kuangaliwa kabla hajamgusa mwingine.