Bei ya Khiyari na Kodi Isiyo na Dhamana

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba wake.

Ama baad. Muislamu mwenye nyumba ya kupangisha akipungukiwa na fedha za kuimalizia, huogopa mkopo wa benki kwa sababu ya riba, na anafanya vyema kuogopa. Hapo huja mtu na kumshauri njia nyingine. Amuuzie mwenye fedha nyumba ile kwa shilingi milioni 40, kwa sharti kwamba akizirudisha ndani ya miaka 3 nyumba itarudi kwake. Katika muda huo aikodi yeye mwenyewe kwa laki 5 kila mwezi, na apokee kodi za wapangaji kama kawaida. Watetezi wa njia hii husema: bei ni halali, khiyari ni halali na ijara ni halali, basi haramu imeingilia wapi? Swali hili linastahiki kujibiwa kwa elimu.

Mas-ala haya si mapya. Mahanafi wa Bukhara waliyajadili karne nyingi zilizopita kwa jina la bay'ul-wafaa. Majalla ya dola ya Uthmaniyya, iliyotungwa kati ya 1869 na 1876, iliieleza bei hiyo katika kifungu cha 118. Kifungu cha 119 kikaeleza aina yake ambayo muuzaji hukikodi kile kile alichokiuza. Oman na Zanzibar ilijulikana kwa jina la bei ya khiyari. Katika karne ya 19 mashamba ya karafuu na nyumba viliandikiwa hati za namna hiyo, muuzaji akibaki katika mali yake huku akilipa kodi. Wanazuoni walihitalifiana juu yake, lakini madeni hayakungoja. Kufikia 1934 serikali ya kikoloni Zanzibar ilitunga sheria ya kuzuia ardhi za Waarabu na Waafrika zisiishie mikononi mwa wadai.

Hoja kubwa ya watetezi ni Hadithi ya Bibi Aisha (r.a.), waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, kwamba pato la kitu ni la yule anayebeba dhamana yake. Wanasema mnunuzi ndiye mmiliki, basi kodi ni haki yake. Hadithi ni hoja, lakini ni hoja dhidi yao. Dhamana hapa ni kubeba hasara, nayo haithibiti kwa kuandikwa jina katika hati. Tuulize: nyumba ikiungua mwezi wa pili, nani amepoteza? Paa likiezuliwa na upepo, nani ataliezeka? Katika makubaliano haya jibu ni moja: muuzaji. Yeye hudaiwa milioni 40 zake hata kama nyumba imebaki kifusi. Basi mwenye fedha ametoa milioni 40, na baada ya miezi 36 atapokea milioni 58, bila ya kubeba hatari ya tofali moja. Hiyo milioni 18 ni bei ya fedha, nayo ndiyo riba iliyoharamishwa katika Suratul-Baqara, aya ya 275.

Zipo dalili nyingine mbili. Kwanza, bei huwa chini mno ya thamani ya nyumba, na hakuna anayeuza kweli kwa bei hiyo. Pili, kodi hupimwa kwa kiasi cha fedha zilizotolewa, si kwa kodi ya mtaa. Ama khiyari ya sharti, imewekwa ili mtu apate nafasi ya kutafakari, na kwa Mashafii haizidi siku 3. Khiyari ya miaka 3 ni muda wa deni. Ndiyo maana Majmaa ya Fiq-hi ya Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, iliamua kwamba uhakika wa bay'ul-wafaa ni mkopo unaovuta manufaa na ni hila juu ya riba.

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tusiishie kwa mwenye fedha wa mtaani. Ijara inayoishia kwa umiliki nayo ina mizani hiyo hiyo. Majmaa ilipoijadili Riyadh mwaka 2000 ilishurutisha kwamba dhamana ya kitu ibaki kwa mwenye kukodisha, na bima, ikiwepo, iwe juu yake. Taasisi inayomtwisha mpangaji ukarabati mkubwa na hasara yote, huku ikijiita mmiliki, imerudi Bukhara kwa mlango wa nyuma.

Mwenye nyumba afanye nini basi? Anaweza kushirikiana na mwenye fedha katika umiliki wa kweli. Kila mmoja apate kodi na kubeba hasara ya nyumba kwa kadiri ya fungu lake, kisha alinunue fungu la mwenziwe kidogo kidogo kwa makubaliano mapya. Anaweza pia kupokea kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa vyumba vilivyokamilika, kwani kutanguliza kodi kunajuzu. Lakini ajue kwamba nyumba ikianguka katikati ya muda, ijara ya muda uliobaki imevunjika, na kodi yake ni haki ya mpangaji arudishiwe. Hapo ndipo dhamana inapoonekana.

Nasaha yetu kwa maimamu na wanafunzi wanaoombwa kushuhudia hati hizi: msitosheke na majina ya mikataba. Kabla ya kutia saini, ulizeni nyumba ikiungua nani atalia. Ikiwa anayepokea kodi si miongoni mwa watakaolia, msishuhudie, kwani Mtume (s.a.w.) amemlaani mla riba, mlishaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake wawili.

Wallahu a'lam.