Geuza Nguo Ndani Nje: Mwongozo wa Kupunguza Kabati kwa Jicho la Fundi

Kabati la mkazi wa Kaloleni, Arusha, hujaa taratibu, bila mwenyewe kuamua lijae. Shati la mtumba kutoka soko la Kilombero haligharimu kiasi cha kumfanya mnunuzi afikiri mara mbili, na sweta la gulio la Tengeru, Jumatano au Jumamosi, hununuliwa kwa chenji iliyobaki baada ya ndizi na nyanya. Hakuna hata ununuzi mmoja unaouma, na baada ya miaka michache kabati linabanwa kwa goti ili lifungwe, huku mwenye kabati akivaa nguo zilezile sita. Wanaoshauri juu ya jambo hili huko ng'ambo hutoa dawa ya hesabu. Mmarekani Courtney Carver alianzisha mwaka 2010 mpango wa kuvaa vitu 33 kwa miezi 3, na watu wengi wameusikia. Hesabu ina nidhamu yake, lakini haijibu swali la kwanza ambalo kila anayepunguza nguo hukutana nalo akiwa amesimama mbele ya lundo: ipi ibaki? Hoja ya mwongozo huu ni kwamba katika mji wenye fundi cherehani kwenye baraza kila baada ya nyumba chache, kipimo bora cha nguo ya kubaki ni kama inaweza kurekebishwa. Uzuri, jina la kampuni, hata uimara wenyewe, vyote vinakuja baada ya hapo.

Sababu ya kwanza ni hesabu ya kufua. Mtu mwenye mashati ishirini, anayevaa moja kila siku kwa siku sita za juma, hulifua kila shati kama mara 15 kwa mwaka. Akibaki na matano, kila moja litafuliwa zaidi ya mara 60. Na kufua kwetu ni kufua kweli: kusugua kwa ngumi kola na makwapa, kukamua kwa kusokota, kuanika kwenye jua. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, karibu na ikweta, na jua la hapo hupausha rangi na kukausha lastiki kwa kasi ambayo mshonaji wa Ulaya hakuifikiria. Ongeza vumbi la kiangazi linaloingia kati ya nyuzi na kuzisaga kila nguo inaposuguliwa. Anayepinga kupunguza nguo kwa hoja kwamba nguo chache huchakaa haraka anasema kweli tupu. Lakini ukweli huo haumlazimu mtu kulimbikiza. Unamlazimu kupandisha kiwango, kwa kuwa kadiri nguo zinavyopungua ndivyo kila moja inavyobeba kazi zaidi, na nguo yoyote itakayobeba kazi hiyo itaachia mahali fulani. Kinachotofautisha nguo na nguo ni mahali inapoachia na kama sindano inaweza kufika hapo.

Anza na kitambaa, kwa sababu fundi hawezi kukibadilisha. Chomoa uzi mmoja kutoka upande wa ndani wa pindo, uuguse na moto wa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Sufu huwaka kwa kusitasita, hunuka nywele zilizoungua na huelekea kuzimika yenyewe ukiondoa moto. Poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Jaribio hili ni la nguo yako mwenyewe nyumbani. Sokoni usimchomee mtu mali yake, tumia maji na mkono. Tone la maji huzama haraka kwenye pamba iliyokwisha kufuliwa, na hukaa juu kwa muda kwenye poliesta nyingi. Kunja kitambaa ngumini, hesabu hadi kumi, fungua: pamba hubaki na mikunjo, poliesta hurudi kama haikuguswa. Watu wengi huipenda poliesta kwa sifa hiyo hiyo, na si haki kuilaani. Sketi ya pamba iliyochanganywa na poliesta kidogo hukauka upesi wakati wa masika na hudumu miaka. Ubaya wake hujitokeza kwenye joto. Pasi ya mkaa haina kitufe cha kupunguza moto, na sekunde mbili za kusahau huacha alama inayong'aa ambayo hakuna fundi atakayeifuta. Pamba iliyoungua kidogo huweza kuokolewa. Poliesta iliyoyeyuka imekwisha. Jinzi za kuvutika nazo zina nyuzi za mpira ndani yake, na nyuzi hizo zikichoka kwa jua na joto magoti hulegea na hayarudi tena. Jinzi nzito ya pamba tupu hutoboka goti, na tundu hilo huzibwa kwa kiraka ndani ya nusu saa. Hapo ndipo kipimo cha kurekebishika kinapowashinda wanaosema jinzi ya kuvutika ni bora kwa kuwa inakaa vizuri siku ya kwanza.

Baada ya kitambaa, geuza nguo ndani nje. Kati ya hatua zote hii ndiyo ninayoithamini zaidi, kwani upande wa nje hutengenezwa kwa ajili ya mnunuzi, na upande wa ndani huonyesha muda ambao mshonaji alipewa. Tazama kwanza kitambaa cha akiba kilichoachwa kwenye mshono. Suruali ya kitambaa iliyoshonwa kwa heshima huwa na sentimita mbili au zaidi kwenye mshono wa nyuma, kuanzia kiunoni kushuka chini ya makalio, ili iachiwe mwenye nayo akinenepa. Iliyoshonwa kwa haraka hukatwa karibu kabisa na uzi na kupigwa ovaloki, basi. Zote mbili huweza kupunguzwa, lakini ni ile ya kwanza tu inayoweza kuongezwa, na mwili wa mtu mzima hauendi upande mmoja maisha yote. Kisha angalia urefu wa mshono wenyewe. Kwenye shati zuri utahesabu mipigo minne au mitano ya sindano katika sentimita moja. Mipigo miwili au mitatu mirefu hufumuka upesi uzi mmoja ukikatika. Vuta mshono kwa vidole viwili kutoka pande zote: ukiona meno ya uzi yakichungulia, ujue kwapa litafumuka. Mashati bora hukunjwa mshono wa ubavuni mara mbili na kushonwa kwa mistari miwili, hata ndani hakuna ukingo wa kitambaa unaoonekana. Kwenye fulana, ikunje katikati na ulinganishe mishono ya ubavuni. Ikiwa mmoja umejipinda kuja mbele, kitambaa kilikatwa kombo au nyuzi zake zimejisokota, na hilo halina tiba.

Kola inastahili muda wake. Kwenye mashati mengi ya siku hizi kitambaa kigumu cha ndani hubandikwa kwa gundi na joto, na gundi ikiwa duni kola huota mapovu baada ya kufuliwa mara kadhaa. Sugua kola kati ya kidole gumba na cha shahada: ikiwa tabaka mbili zinatelezana hovyo sehemu moja na kushikana sehemu nyingine, gundi imeanza kuachia. Kola safi iliyochakaa kwenye mkunjo tu ni jambo jingine kabisa. Fundi huifumua, huigeuza, na upande uliokuwa chini hukaa juu ukiwa kama mpya. Shati la namna hiyo lililotupwa kwa sababu ya kola limeuawa likiwa hai. Vifungo na zipu havinisumbui, maana vyote hubadilishwa kwa fedha kidogo. Matundu ya vifungo ndiyo ya kukagua: yawe yameshonwa kwa uzi uliosongamana, bila nyuzi zinazoning'inia.

Kwa kipimo hiki, mtumba una faida ambayo wauzaji wa nguo mpya hawapendi kuisikia. Nguo ya mtumba imekwisha kufuliwa. Kama ilikuwa ya kusinyaa, imesinyaa. Kama ilikuwa ya kuchuja rangi, imechuja. Kama ilikuwa ya kuota vinyuzinyuzi kifuani, vipo na unaviona. Nguo mpya ya dukani huja na ahadi tu, na wanga wa kiwandani unaokipa kitambaa chepesi uzito wa uongo. Ila mtumba nao una maficho yake. Inua sweta la sufu dhidi ya mwanga uone matundu ya nondo. Tazama viwiko na mapaja ya ndani, ambako kitambaa hukonda kabla ya kutoboka. Vuta lastiki: ikitoa mlio mkavu na kukawia kurudi, imekufa, ingawa hiyo ni kazi ndogo kwa fundi. Nguo bora ya mtumba kwa hali ya hewa ya chini ya Mlima Meru, kwa maoni yangu, ni koti la sufu kutoka nchi za baridi, la kuvaliwa Juni na Julai. Kinachoharibika kwanza humo ni bitana, na bitana hubadilishwa yote. Sufu ya nje, isipokamuliwa kwa kusokota wala kufuliwa kwa maji moto, hubaki miaka mingi baada ya hapo.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya mtumba ni la kitaifa. Machi 2016, hapa hapa Arusha yaliko makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakuu wa nchi walikubaliana kuelekea kuacha kuingiza mitumba ili viwanda vya kanda vipumue. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya soko chini ya AGOA, sheria yake ya biashara na Afrika. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza, Rwanda ikashikilia na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Mkazi wa Arusha anajua uzito wa jambo hili, kwa sababu mji huu uliwahi kuwa na kiwanda cha nguo cha Kiltex na bado una vya Sunflag na A to Z. Lakini anayenunua mashati ishirini ya bei ya kutupa hawasaidii wenye viwanda wala wafanyakazi wao. Anayenunua matano hubakiwa na fedha za kununua mita tatu za kitambaa kizuri na kumlipa fundi ashone, na hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kupata nguo yenye kitambaa cha akiba kwenye mishono, kwa kuwa unaweza kuiagiza. Kabati dogo lenye mtumba uliochaguliwa vizuri na nguo mbili tatu za kushonesha linawasaidia washonaji wa nyumbani kuliko kabati kubwa la aina yoyote.

Nguo za kitenge na khanga zina sheria zake. Kitenge cha nta halisi huonekana karibu sawa pande zote mbili, kwa sababu nta na rangi hupenya kitambaa. Cha kuchapwa upande mmoja kina mgongo uliopauka. Kilichochapwa si lazima kiwe kibaya, ila lowesha pembe yake na uisugue kwa leso nyeupe uone kama inatoa rangi, kisha kiinue dhidi ya mwanga uone kama nyuzi zimekaribiana. Kwa khanga, kunja doti ulinganishe pindo: zikipishana, uchapaji ulikwenda kombo na upande mmoja utaning'inia vibaya daima. Hata hivyo mimi siihesabu khanga katika kupunguza nguo. Kitu kinachotumika kama mbeleko, kikavaliwa jikoni, msibani na wakati wa kulala, kimekwisha kulipa nafasi yake. Tatizo liko kwenye sare. Kila harusi ina kitenge chake, na kumwambia mwanamke akatae sare ya ndugu yake ni kumshauri avunje udugu kwa ajili ya kabati. Dawa ni kwenye mshono: gauni la sare lishonwe kwa mkato wa kawaida, lenye akiba ubavuni na upindo mpana, ili baada ya sherehe ligeuzwe sketi ya kwendea kazini. Lililokatwa vipande kumi na kuwekewa mabawa mabegani halitageuka kitu.

Hapo linakuja suala la fundi mwenyewe, maana kipimo chote hiki kinamtegemea. Mhukumu kwa kazi ya ndani, si kwa picha alizobandika ukutani. Mwombe aonyeshe nguo anayoimalizia na uigeuze. Fundi mzuri huuliza kama kitambaa cha pamba kimelowekwa usiku kucha kabla hajakikata, kwa vile kitasinyaa mapema au baadaye, na afadhali kisinyae kabla ya mkasi. Hukurudishia vipande vilivyobaki, nawe uvihifadhi, kwani kiraka cha kitambaa kilekile hakionekani. Wapo watakaosema kwamba gharama ya kurekebisha shati hukaribia bei ya shati jingine la mtumba, na kwa fulana wana haki: fulana haistahili fundi, ikichakaa iwe dasta. Kwa suruali, koti na gauni hesabu hubadilika, kwa sababu nguo inayokukaa sawa mabegani na kiunoni haipatikani kila siku ya soko, na safari za kuitafuta nazo ni gharama. Na anayesema kupunguza nguo ni mazungumzo ya walioshiba, afikirie ni nani anayeumia zaidi suruali yake ya pekee ikifumuka njiani.

Basi lundo likiwa kitandani, ligawe kwa maswali ya fundi kabla ya maswali ya moyo. Zenye kitambaa kizima na kasoro ya mshono, kifungo au kipimo, ziende barazani kwanza, na baada ya kurudi ndipo uamue kama unazivaa. Zilizo nzima lakini si za mwili wako wala kazi yako, wape watu, zikiwa zimefuliwa na kutengenezwa. Zenye kitambaa kilichokonda, kilichoyeyuka kwa pasi au chenye mpira uliokufa ndani ya nyuzi, usimpe mtu. Ikiwa ni pamba zikate ziwe madasta. Jinzi iliyolegea magotini haimfai wa kupewa kama isivyokufaa wewe.