Kubishana na Kanda: Hamlet ya Wooster Group

Ni rahisi kuishutumu Hamlet ya mwaka 2007 ya kundi la Wooster Group, New York, kuwa ni uigaji mtupu. Mwelekezi Elizabeth LeCompte alitundika nyuma ya jukwaa filamu ya onyesho la Broadway la mwaka 1964, lililoongozwa na John Gielgud huku Richard Burton akiwa Hamlet, na waigizaji wake wakaifuata sauti kwa sauti, hatua kwa hatua. Scott Shepherd, aliyeigiza Hamlet, alidiriki hata kumwagiza fundi aisogeze filamu mbele.

Shutuma hiyo haitoshi. Filamu ilihaririwa: waliomo wamefutwa nusunusu, na mistari ambayo kundi la Burton liliinena kwa uhuru imekatwa upya ili irudi katika mapigo ya ushairi wa Shakespeare. Yaani wavunja kanuni ndio waliorejesha arudhi! Mshairi wa Kiswahili aliyelelewa na mizani hana budi kutabasamu. Gharama yake ni hisia, kwani mwigizaji anayefukuzana na picha hapati nafasi ya kuiitikia hadhira iliyo mbele yake.

Linalotuhusu zaidi ni hifadhi. Filamu ile ilioneshwa sinemani siku mbili tu, na nakala zake zilikusudiwa kuangamizwa; ilinusurika kwa bahati. Tafsiri ya Nyerere, Juliasi Kaizari, tunayo kitabuni. Je, sauti za walioiigiza zimehifadhiwa wapi? Mwelekezi wetu atakayetaka kubishana na waliomtangulia jukwaani atabishana na karatasi.